"Ndoo hapa" ni Kiswahili cha nani?

Mpwa wangu yuko gredi ya sita hapa Mombasa. Muhula uliopita aliandika insha kuhusu siku nyanyake alipougua. Ndani yake nyanya anamwita: "Ndoo hapa, mwanangu, nishika mkono." Mwalimu akaizungushia "ndoo" wino mwekundu na kuandika pembeni: "Ndoo ya nini?" Chini kidogo akakata "mato" akaweka "macho", na "ndia" akaigeuza "njia". Mtoto alinijia na daftari, akaniuliza: "Kwani nyanya hajui Kiswahili?"

Nyanya huyo ni mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na kwao "ndoo" ni "njoo". Hana lugha nyingine ila Kiswahili, na wala mamake hakuwa nayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima jambo hili, na kadiri ninavyolipima ndivyo ninavyoona kwamba mwalimu yule ana hoja, na nyanya naye ana haki yake.

Mwaka 1928 wawakilishi wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, zote zikiwa chini ya Mwingereza, walikutana hapa hapa Mombasa wakakata shauri kwamba Kiunguja, yaani Kiswahili cha mji wa Zanzibar, kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo, na mwanzoni haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Kabla ya hapo wamisionari walikuwa wamegawanyika. Wa Mombasa walishikamana na Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, tangu enzi za Krapf, aliyefika mwaka 1844. Wa Unguja walifuata njia ya Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiunguja kilitoka mwaka 1870. Kimvita kikashindwa, tena kikashindwa kikiwa nyumbani kwao.

Wenzangu wengi wa pwani hutaja kisa hiki kwa uchungu na kuishia hapo. Mimi nadhani uamuzi wenyewe ulikuwa na mashiko. Kiunguja kilikuwa kimeshasafiri na misafara ya biashara hadi Tabora na Ujiji, kikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Ilibidi pawe na lugha moja ya vitabu, na hiyo ndiyo iliyokuwa imeenea zaidi. Tena Tanzania yenye lugha zaidi ya 120 isingejenga shule, mahakama na redio zinazoeleweka kutoka Mtwara hadi Bukoba kama kila mji ungeshikilia tahajia yake.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa pwani hatupendi kulisikia. Kipimo kimoja kikiondolewa, wa kwanza kuumia hatakuwa mpwa wangu. Ataumia mtoto wa Lodwar, ambaye Kiswahili anakikuta darasani kwa mara ya kwanza. Kenya imekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Yule wa Lodwar anahitaji kujua kwamba neno alilofundishwa ndilo litakalopata alama. Akiambiwa leo "njia", kesho "ndia", na mtahini naye ana lake, atakuwa ameonewa.

Hayo nayakubali yote. Ninalolikataa ni pale sanifu inapoacha kuwa kipimo cha mtihani ikageuka kuwa kipimo cha mtu.

Sikiliza tofauti hii. Mamangu akitamka "paa" la nyumba na "p'aa" wa porini, ni maneno mawili. La pili hutoka na pumzi nzito midomoni, na hata mtoto mdogo wa kwetu hayachanganyi. Vivyo hivyo "kaa" la moto na "k'aa" wa baharini. Tahajia sanifu huyaandika sawasawa, na msomaji huamua maana kwa muktadha. Sitaki tahajia ibadilishwe, maana imetutosha kwa karibu miaka mia moja. Lakini ni ajabu kwamba mtu anayetenganisha sauti nyingi zaidi ndiye anayeambiwa hajui kutamka.

Msemo mmoja umeenea Afrika Mashariki yote: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Watu huucheka kisha wakaendelea na chai yao. Hata mwanzo wake una kasoro, kwani wataalamu wa isimu historia huelekeza asili ya lugha hii upande wa kaskazini, pwani ya Lamu na Tana. Ubaya wake mkubwa ni hapo kwenye kaburi. Lubumbashi na Bukavu mamilioni ya watu huposana, hugombana na kufanya biashara kwa Kiswahili kila siku. Wanasema "batoto" pale tunaposema "watoto", na wanasema hivyo kwa utaratibu, si kwa kubahatisha. Lugha inayolea watoto haijazikwa.

Na Zanzibar yenyewe? Mjini wanasema "skuli", na serikali yao huliandika hivyo hivyo, wakati sanifu ya bara ni "shule". Nenda Makunduchi, kisiwa kile kile cha Unguja, au Tumbatu, kisiwa jirani, utakuta lahaja ambazo Mzanzibari wa mjini huzifuata kwa shida. Hakuna mji ambao watu wake huamka asubuhi wakaongea sanifu kamili.

Hapa lazima niwageukie watu wangu. Sisi tunaolalamika kwamba lahaja yetu imedharauliwa ndio wa kwanza kumcheka mtu wa bara anayesema "weka kikombe kwa meza". Nimewaona sokoni Marikiti. Mama muuza viazi kutoka Kinangop aliposema "rakini", vijana wawili wakamwigiza mbele ya wateja, naye akahesabu pesa zake kimya mpaka walipoondoka. Aliyechekwa hivyo mara tatu hajifunzi kutamka l. Anajifunza kunyamaza. Kama namtetea nyanya, siwezi kumwacha mama huyu.

Ni kweli mambo haya mawili hayalingani. "Ndia" ni neno la asili lenye ushairi wa karne kadhaa nyuma yake. "Rakini" ni athari ya lugha ya mama kwa mtu anayejifunza lugha ya pili. Katika insha ya mtihani "rakini" ni kosa, na "kwa meza" pia, ingawa hili la pili limeshakuwa kawaida kwa Wakenya wengi sana na sikio langu bado halijalizoea. Mwalimu ana wajibu wa kusahihisha. Kucheka hakumo katika wajibu huo.

Hoja ya kwamba lahaja huharibu lugha ya taifa pia haisimami. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa Kimvita akiwa mfungwa wa kisiasa kati ya 1969 na 1972. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Neno "runinga" linalotumika kila jioni katika habari zetu lilibuniwa na Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, mtu aliyeijua lahaja ya kwao mpaka kwenye majina ya mbao za jahazi. Sanifu imelishwa na lahaja, na itaendelea kuzihitaji.

Nilikwenda kumwona mwalimu. Ni kijana mpole kutoka magharibi mwa Kenya, ana wanafunzi zaidi ya sitini, na hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba "ndoo" ya Mombasa ni "njoo". Nilimwomba jambo moja: maneno ya nyanya yakiwa ndani ya alama za usemi, yaachwe, maana ndivyo nyanya anavyosema; nje ya alama hizo, asahihishe. Akafikiri, akasema darasani anaweza, ila katika mtihani wa taifa atawaonya watoto wasijaribu, kwa sababu hajui karatasi itasahihishwa na nani. Sikuweza kumpinga. Kisha akaniomba orodha ya maneno.

Tuliiandika jioni ile, mpwa wangu akishika kalamu na nyanya akitaja. Walipofika neno la arubaini, karatasi ikawa imejaa pande zote mbili.