Milango ya Bagamoyo inataka picha mbili

Picha nyingi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zinazozunguka mitandaoni ni bapa mno. Mlango uliochongwa kwa kina unaonekana kama kanga iliyotundikwa ukutani. Hili linaniuma, kwa sababu dawa yake ipo tangu karne ya 19 na haina gharama. Naomba wapiga picha wetu, hasa vijana wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), waanze kupiga milango hiyo picha mbilimbili, ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia, ili zikitazamwa pamoja zionyeshe kina.

Macho yetu yameachana takriban sentimita 6 na nusu. Nyoosha kidole, fumba jicho moja, kisha jingine: kidole kitaonekana kuhama. Kila jicho lina picha yake, na ubongo hutumia tofauti hiyo ndogo kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Charles Wheatstone aliieleza siri hii mbele ya Royal Society, London, mwaka 1838, akitumia vioo viwili na michoro ya mkono, kwani upigaji picha ulikuwa haujatangazwa. Baadaye David Brewster alitengeneza kifaa chake cha lenzi cha kutazamia picha mbilimbili. Kisha mwaka 1861 Oliver Wendell Holmes, daktari wa Marekani, akabuni cha kushika mkononi, tena bila kukiwekea hataza, kikaenea majumbani.

Kwa maoni yangu, filamu ndizo zilizoiharibia sanaa hii jina. Mwaka 1952 ilitoka Bwana Devil ya Arch Oboler, filamu ya kina (3D) kuhusu simba wala watu wa Tsavo waliosumbua wajenzi wa reli mwaka 1898, huko huko kwa jirani zetu Kenya. Sehemu kubwa ilipigwa California. Matangazo yake yaliwaahidi watazamaji simba mapajani! Watu walijazana, wengine wakaiga, na baada ya miaka michache shauku ikazima. Projekta mbili, moja kwa kila jicho, zilitakiwa kwenda sambamba. Zikipishana kidogo tu, macho yanaumia. Hata zikienda sawa, macho yanalenga kitu kinachoonekana mbele ya pazia ilhali lenzi za macho zimetulia kwenye pazia lenyewe, na hilo linachosha. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa kukitumia kina kumshtua mtu. Picha ya namna hii inahitaji mtu atulie, aitazame polepole.

Mlango ndio unaoifaa. Simama kama mita 2 mbele yake. Elemea mguu wa kushoto, piga. Hamishia uzito mguu wa kulia, simu isogee pembeni kama sentimita 6 bila kugeuzwa, piga tena. Wapigaji wa picha hizi hukadiria kusogea sehemu moja ya thelathini ya umbali wa kitu kilicho karibu zaidi. Kwa hiyo makaburi ya kale ya Kaole, karibu na Bagamoyo, ukiyapiga kutoka mita 10 utasogea kama sentimita 30. Ziweke picha sambamba, ya kushoto kushoto, uzitazame kwa kiboksi cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili. Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, unajitokeza mbele ya mbao za mlango. Mnyororo uliochongwa pembeni unaachana na fremu, misumari ya shaba inasimama, na ufa unaonekana umeingia ndani kiasi gani. Hata picha ya saa sita mchana, jua la utosini lililofuta vivuli, inarudisha nakshi.

Majahazi na watu wanaopita yaacheni kwa picha ya kawaida, maana kati ya mpigo wa kwanza na wa pili wameshasogea.

Kuta za matumbawe zinamomonyoka na mbao zinaliwa na mchwa, hivyo fundi wa kesho atahitaji kujua nakshi ilichongwa kwa kina gani. Andikeni tarehe, nyumba, umbali wa kamera na ulivyosogea. Pigeni hodi kwanza, ombeni ruhusa, na mkimaliza mwachieni mwenye nyumba nakala yake.