Jaribio lililokufa lizikwe

Fungua repo (hazina ya msimbo) ya pamoja ya timu yoyote inayopenda kujaribujaribu, utazikuta folda zimejipanga: `mpya`, `mpya2`, `mpya_final`, `mpya_final_kweli`. Uliza ipi inafanya kazi, kila mtu anainamia simu yake. Sema zifutwe, ndipo kelele zinaanza: "Acha kwanza, huenda tukaihitaji."

Jamani! Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ipo tangu 2005 na kazi yake hasa ni kukumbuka. Ukifuta folda kwenye tawi kuu, historia yake haiendi popote. Weka tagi, yaani alama yenye jina kwenye hali ya sasa ya repo, halafu futa:

```
git tag -a zamani/risiti -m "Imeachwa: picha hafifu hazisomeki"
git push origin zamani/risiti
git rm -r majaribio/risiti
git commit -m "Ondoa jaribio la risiti"
```

Mstari wa pili ndio unaosahaulika. `git push` ya kawaida haibebi tagi, kwa hiyo itabaki kwenye kompyuta yako tu. Ukilihitaji jaribio tena, `git checkout zamani/risiti -- majaribio/risiti`, linarudi lote. Na tafadhali, andika sababu ya kuliacha. Asipoiona kwenye `git tag -n`, mwenzako atalianza upya mwakani na kukwama palepale.

Jaribio likiwa bado hai, lipe folda yake na orodha yake ya maktaba, matoleo yakiwa yamefungwa. Orodha moja ya wote ni ugomvi mtupu: mmoja anapandisha toleo kwa ajili ya lake, ya wenzake yanavunjika kimyakimya. README (faili la maelezo) ya mistari minne yatosha: mwenye jaribio, linachojaribu, amri ya kuliendesha, na tarehe ya kuamua kama linabaki. Pasipo tarehe hiyo hafuti mtu.

Nakubali, shingo upande: kufuta hakupunguzi uzito wa repo. Modeli ya MB 80 iliyowahi kuingia itamlemea kila anayekloni (anayenakili repo na historia yake), labda atumie `--filter=blob:none`, inayoacha maudhui ya faili mpaka yahitajike. GitHub, tovuti ya kuhifadhia repo, huonya faili ikizidi MB 50, ikizidi MB 100 hukataa. Hapo mtu anaifuta kwa komiti (rekodi ya mabadiliko) mpya, anapush tena, anakataliwa tena, anailaumu intaneti. Komiti ya nyuma bado imeibeba, ndugu yangu! Kama iliingia kwenye komiti ya mwisho, `git rm --cached` kisha `git commit --amend`. Ikiwa nyuma zaidi, `git filter-repo`, zana ya kuandika upya historia. Na kama wenzako walishaivuta historia hiyo, wote wakloni upya.

Ufunguo wa API (neno la siri la kuingilia huduma) ukishapanda kwenye repo, batilisha kwanza. Historia utaisafisha baadaye.