Vita vya Kagera havikuanza Kagera

Muulize Mtanzania yeyote wa rika la wazazi wetu nani alianzisha Vita vya Kagera. Atakujibu papo hapo: Nduli Idi Amin. Kwa tarehe, hana kosa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, Novemba 1 Amin akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera ni lake, kisha daraja la Kyaka likalipuliwa. Ubishi uko kwingine: mambo yalifikaje huko, na kwa nini vita vya kukomboa kipande cha ardhi viliishia Kampala?

Wanaoinyooshea kidole Dar es Salaam huanzia 1971. Januari 25 Amin alimpindua Rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alikataa katakata kuitambua serikali mpya, akampa Obote hifadhi. Kumhifadhi mkimbizi si kosa. Lakini Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka ardhi yetu wakielekea Masaka na Mbarara, wakachakazwa. Huo ulikuwa uvamizi, na sisi Watanzania tukisimulia habari hizi huwa tunaupitia juu juu. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ulitaka kila upande uondoe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani na usiwafadhili wapinzani wa mwenzake. Bunduki zilinyamaza, uadui ukabaki. Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin, vikao vya wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki vikakwama, na 1977 Jumuiya ikavunjika (ingawa hapo Kenya nayo ina yake ya kujibu).

Hoja hiyo ina uzito, ila uadui wa miaka saba hauelezi kwa nini iwe 1978. Hilo linaelezwa na kambi za jeshi za Uganda. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka, Makamu wa Rais Mustafa Adrisi alikuwa ameumia katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake waliishuku, na askari walikuwa wakiasi. Amin alihitaji adui wa nje, na kisingizio alikuwa nacho: mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ulipitisha mpaka kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini, mstari mnyoofu usiojali mto, hivyo ardhi iliyo kati ya mstari na mto ikaangukia Tanganyika. Ila OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilishakubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya wakoloni iheshimiwe.

Kwa hiyo lawama ya kuanza ni ya Amin, wala sioni pa kumtetea. Safari ya Kampala ndiyo yenye mzizi wa 1971. Ardhi ilipokombolewa, Nyerere angeweza kusimama mpakani. Alikataa usuluhishi uliompima mvamizi na mvamiwa kwa mizani moja, na hapo namwelewa, kwani OAU iliufumbia macho ukatili wa Amin kwa miaka. Hata hivyo Machi 1979 wapinzani wa Amin walikutana Moshi kuunda serikali, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Desemba 1980 Obote akarudi madarakani kwa uchaguzi ambao wapinzani wake waliukataa, na Yoweri Museveni, mmoja wa waliovuka mpaka mwaka 1972, akaingia msituni.