Kutoka Idlib hadi Damascus: waasi walishinda, au jeshi lilijimaliza?

Asubuhi ya tarehe 8 Desemba 2024, aliyepita katika mitaa ya Damascus aliona kombati za jeshi zimetapakaa barabarani kama nguo zilizoangushwa na upepo kutoka kwenye kamba. Suruali, makoti, buti, mahali pengine na silaha juu yake. Wenyewe walikwisha kuvaa nguo za kiraia na kushika njia ya kwao. Rais wao, Bashar al-Assad, alikuwa ameondoka nchini kabla hakujapambazuka, na ilipofika jioni ikajulikana kuwa yuko Moscow. Familia iliyoitawala Syria tangu baba yake, Hafez, atwae madaraka mwaka 1970 ikawa imeondoka. Vita vilikuwa na miaka 13. Mashambulizi yaliyomng'oa Assad yalichukua siku 12.

Hapo ndipo mabishano yalipoanzia, na hayajaisha. Wako wanaosema waasi walishinda vita: walijipanga kwa miaka, wakachagua wakati, wakapiga. Wako wanaosema hapakuwa na vita vya kushinda, kwamba waasi waliusukuma mlango usio na komeo. Unaweza kudhani ni ubishi wa wanahistoria tu, lakini sivyo. Wafuasi wa utawala mpya wana msemo wao wa Kiarabu wenye maana kwamba aliyekomboa ndiye mwenye uamuzi. Ukiukubali msemo huo, swali la nani hasa alikomboa linageuka kuwa swali la nani atawale.

Nianze na hoja ya wanaowapa waasi sifa, kwa sababu ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri.

Mwishoni mwa 2016 waasi walifukuzwa mashariki mwa Aleppo, mji walioushikilia kwa miaka minne. Mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020 wakapoteza Khan Shaykhun, kisha Maarat al-Numan, kisha Saraqib. Walibaki na kipande cha Idlib, mkoa wa kaskazini magharibi, kilichosongamana wakimbizi wa ndani, na kilichowaokoa ni makubaliano ya Putin na Erdogan mjini Moscow, Machi 5, 2020. Mstari wa mbele ukaganda pale kwa zaidi ya miaka minne.

Katika miaka hiyo kundi la Hayat Tahrir al-Sham, HTS, chini ya Abu Mohammad al-Jolani, ambaye leo dunia inamwita kwa jina lake halisi la Ahmed al-Sharaa, halikukaa bure. Liliwabana wapinzani wake mmoja baada ya mwingine, likiwemo tawi lililobaki kuwa tiifu kwa al-Qaeda, mtandao ambao Jolani mwenyewe alitangaza kuachana nao mwaka 2016. Liliweka serikali ya kiraia, likakusanya ushuru kwenye kivuko cha Bab al-Hawa, mpakani na Uturuki, likafungua chuo cha kijeshi, likaunda vikosi vya fani maalumu, vikiwemo vya mapigano ya usiku na kikosi cha droni kiitwacho Shahin. Wasidhaniwe malaika: mwaka 2024 wakazi wa Idlib wenyewe waliandamana kwa miezi wakilalamikia mateso katika magereza ya Jolani. Lakini kama kundi la kijeshi, lililotoka Idlib Novemba 27, 2024 halikuwa lile lililokimbia Saraqib.

Matokeo yake yalionekana mapema. Siku ya tatu waasi walikuwa ndani ya Aleppo. Siku ya nne sehemu kubwa ya mji ilikuwa mikononi mwao. Mji uleule ambao serikali, ikiwa na ndege za Urusi juu na wanamgambo wa Iran chini, ilihitaji miaka kuurejesha nusu yake. Na siasa ilikwenda sambamba na bunduki. Wapiganaji waliagizwa wasiwaguse raia, Wakristo wa Aleppo walitumiwa ujumbe wa kuwatuliza, na mji wa Salamiyah, wenye wafuasi wengi wa Ismailia, tawi la Ushia, uliingiwa kwa mazungumzo na viongozi wao. Kundi lenye asili ya jihadi kuuchukua mji wa Mashia bila kumwaga damu ni jambo ambalo mwaka 2014 lingechekwa kama hadithi.

Sasa upande wa pili. Hapa nitakaa zaidi, maana jeshi la Syria lilikufa kwa namna ambayo kila mwenye jeshi angepaswa kuisoma.

Kwenye makaratasi lilikuwa kubwa. Ila Syria ilikuwa na ugonjwa ambao sisi tunaufahamu kwa jina la wafanyakazi hewa, na kule ulikuwa wa askari hewa. Askari aliyeandikishwa kwa lazima alimlipa ofisa wake kila mwezi ili abaki nyumbani au aende kutafuta kibarua mjini. Jina lake liliendelea kusomwa kwenye orodha, chakula chake kiliendelea kuhesabiwa, na handaki lake lilibaki tupu. Utaratibu huo ulikuwa na jina lake jeshini, tafyish, na haukuwa siri. Ofisa naye usimlaumu haraka. Kabla ya vita dola moja ilibadilishwa kwa takriban lira 50. Kufikia 2024 ilihitaji zaidi ya lira 10,000. Mshahara wa askari wa kawaida haukufika dola 50 kwa mwezi, na wa ofisa haukumweka mbali sana na umaskini. Kila mmoja alikuwa anauza alichonacho: huyu ruhusa, yule kizuizi cha barabarani. Divisheni ya Nne, ya Maher, mdogo wake rais, ilijulikana kwa kukamua malori na kwa biashara ya vidonge vya kulevya vya kaptagoni kuliko kwa vita.

Kisha kulikuwa na uchovu. Wasyria wanalikumbuka kundi la 102, vijana walioitwa kwenye utumishi mwaka 2010, kabla hata vita havijaanza, wakaachiwa mwaka 2018. Walikwenda kwa utumishi wa muda mfupi wakakaa miaka minane. Waliofuata walijifunza kutoka kwao kwamba njia ya kutoka jeshini ni tatu: kulipa, kutoroka au kufa.

Desemba 4, waasi wakiwa mlangoni pa Hama, Assad alitia saini amri ya kuwaongezea askari mshahara kwa asilimia 50. Nimeisoma amri hiyo mara kadhaa na kila mara naona jambo lilelile: mtu aliyejua tatizo liko wapi, na aliyelijua kwa miaka.

Ongeza walinzi wa kukodi walioondoka. Tangu Septemba 2015 anga la Assad lilikuwa la Urusi, na ardhini mapigano magumu yalibebwa na Hezbollah ya Lebanon pamoja na wanamgambo waliopangwa na Iran. Urusi ikazama Ukraine kuanzia Februari 2022. Aprili 1, 2024, Israel ikapiga jengo la ubalozi mdogo wa Iran Damascus na kuua makamanda. Septemba 27 ikamuua kiongozi wa Hezbollah, Hassan Nasrallah, mjini Beirut. Usitishaji vita kati ya Israel na Hezbollah ulianza kutekelezwa alfajiri ya Novemba 27, siku ileile waasi walipoanza kutembea. Kwa hiyo wanaosema mlango haukuwa na komeo wana vielelezo vya kutosha.

Lakini hoja yao ina tundu. Jeshi lililooza halianguki kwa kuoza peke yake. Lilikuwa limeoza mwaka 2021, likaoza zaidi 2022, na Mei 2023 viongozi wa Kiarabu walimkaribisha Assad kwenye mkutano wao wa Jeddah kama mshindi aliyerejea. Hata Uturuki ilikuwa ikimbembeleza wakutane, naye akigoma mpaka majeshi ya Uturuki yaondoke kaskazini. Nyumba iliyoliwa na mchwa yaweza kusimama miaka kumi asipotokea wa kuiegemea. Tena jeshi hilo lilipigana kwa siku chache. Kaskazini mwa Hama, kwenye mlima wa Zayn al-Abidin, liliwarudisha waasi nyuma, na mji haukuanguka mpaka Desemba 5. Anayedai hakuna aliyepigana aulize wapiganaji waliobaki kwenye miteremko ile.

Kwangu mimi, mstari unapita kati ya Hama na Homs. Mpaka Hama, ushindi ulikuwa wa waasi: mafunzo, droni, mpango, na ujasiri wa kuendelea baada ya kupata walichokuwa wanakitafuta. Maana jina la operesheni yenyewe, Kuzuia Uchokozi, halisikiki kama la mtu anayekwenda kutwaa mji mkuu. Baada ya Hama mambo yalibadilika. Homs, mji ulioitwa makao makuu ya mapinduzi mwaka 2011, na ambao ukiushika umeikata Damascus na pwani ya Assad, uliachwa ndani ya saa chache tu. Askari wapatao elfu mbili walivuka mpaka kuingia Iraq na kuomba hifadhi. Hapo hakuna tena mashambulizi. Kuna jeshi lililosikia habari na kuamua kwenda nyumbani.

Na kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Walioingia Damascus kwanza hawakutoka Idlib. Walitoka kusini, Deraa, mahali ambapo mwaka 2011 vijana waliandika maneno kwenye ukuta wa shule na kuwasha yote haya. Wengi wao walikuwa waasi wa zamani waliosalimu amri mwaka 2018, wakapewa vyeti vya usuluhishi na kuachwa na silaha nyepesi. Desemba 6 waliamka upya. Pembeni yao, Wadruzi, jamii ndogo ya kidini ya Suwayda, ambao tangu Agosti 2023 walikuwa wakikusanyika uwanjani kila wiki kudai Assad aondoke, waliwafukuza wenyewe askari wa serikali mkoani mwao. Hakuna droni ya Shahin iliyofika huko.

Rudi sasa kwenye ule msemo. Kama aliyekomboa ndiye mwenye uamuzi, basi wenye uamuzi ni wengi.

Haikuwa hivyo. Januari 29, 2025, makamanda wa makundi yenye silaha walikutana Damascus na kumtangaza al-Sharaa kuwa rais wa kipindi cha mpito. Katiba ya 2012 ikafutwa, bunge likavunjwa, jeshi na Baath, chama cha Assad, vivyo hivyo. Hakuna kura iliyopigwa na raia, na picha za ukumbi ule ni za wanaume waliovaa kijeshi.

Watetezi wa hatua hiyo wana jibu, na silidharau. Wanasema nchi isiyo na mwenyewe hata kwa mwezi mmoja huwa Libya. Wanasema mazungumzo yalijaribiwa: Geneva mwaka 2012, azimio 2254 la Baraza la Usalama mwaka 2015, Astana kuanzia 2017, na Assad hakutoa hata kiti kimoja. Wanakumbusha kwamba al-Sharaa alimwacha waziri mkuu wa Assad, Mohammed al-Jalali, asimamie ofisi za umma mpaka makabidhiano, na kwamba vilifunguliwa vituo ambako askari wa zamani walipanga foleni, wakakabidhi bunduki na vitambulisho, wakapewa karatasi ya muda na kwenda zao. Ukilinganisha na miji mingine iliyoangukia mikononi mwa waasi, siku zile za kwanza Damascus zilikuwa tulivu kwa kiasi cha kushangaza.

Tatizo ni kilichofuata. Kulivunja jeshi zima kulimaanisha maelfu ya wanaume, wengi wao Waalawi wa pwani, watu wa madhehebu ya Assad, wamerudi vijijini bila mshahara, na baadhi yao bila kukabidhi silaha. Machi 6, 2025, mabaki ya wafuasi wa Assad yalivishambulia vikosi vya usalama huko pwani. Majibu yalikuwa ya kutisha: wapiganaji walio upande wa serikali waliingia nyumba kwa nyumba wakiwauliza watu kama ni Waalawi. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilihesabu watu wapatao 1,400 waliouawa, wengi wao raia. Julai ikafika zamu ya Suwayda, mapigano kati ya Wadruzi na Wabedui yakavutia vikosi vya serikali, zaidi ya watu elfu moja wakafa, na ndege za Israel zikapiga hadi jengo la wizara ya ulinzi katikati ya Damascus.

Anayeamini alishinda kwa upanga wake ataiona Suwayda kama mkoa mkaidi unaohitaji kutiishwa. Anayekumbuka kwamba Suwayda ilijifungulia mlango wenyewe angepaswa kuingia kwa kubisha hodi. Sisemi tofauti hiyo ingezuia kila kifo, kwa sababu kisasi cha miaka 13 kina mizizi yake na Israel ina hesabu zake. Ila namna washindi wanavyojisimulia ushindi huamua ni nani anapewa kiti mezani na nani anatumiwa kifaru.

Oktoba 5, 2025, Syria ilichagua bunge jipya kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kati ya viti 210, theluthi moja iliachiwa rais ateue, na vilivyobaki vilipigiwa kura na kamati za wajumbe teule. Kura haikupigwa katika maeneo ya kaskazini mashariki yaliyokuwa chini ya vikosi vya Wakurdi, wala Suwayda. Viti vyao siku hiyo viliachwa wazi.