Muujiza gani huo?

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp ilirushwa video ya tamasha la Andalousies Atlantiques, lile la Essaouira, Morocco, la muziki wa Kiandalusi uliotoka Hispania ya enzi za Waislamu. Rabi Haim Louk, Myahudi, anaimba kwa Kiebrania, Abderrahim Souiri, Mwislamu, anapokea kwa Kiarabu, na nyuma yao wapiga fidla wamezisimamisha fidla zao gotini, kama ilivyo ada ya Wamorocco. Hata wimbo haujesha, mmoja kaandika "Muujiza!" Mwingine: "Astaghfirullah, dini zinachanganywa."

Wa pili namjibu kwa mstari mmoja: pale hakuna aliyesalishwa, watu wameimba.

Aliyenikera ni huyo wa muujiza. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, na Waislamu waliofuata, walivuka bahari na muziki huo uleule. Wayahudi wa Morocco wakachukua mahadhi ya nuba, yaani msururu wa nyimbo za Kiandalusi, wakayatilia mashairi ya Kiebrania, wakawa wanayaimba sinagogi kabla hakujapambazuka, Sabato za majira ya baridi. Upo hata mtindo wa matruz, Kiebrania na Kiarabu ndani ya wimbo mmoja. Samy Elmaghribi, Myahudi mzaliwa wa mji wa Safi, alipendwa na Waislamu kwa Wayahudi. Alikuwa mwimbaji wao, basi! Leo wajukuu wa haohao wakipanda jukwaani tunashangaa kana kwamba paka na panya wamekula sahani moja.

Haya, nakubali shingo upande: bila tamasha, vijana wengi wa Essaouira wasingeyasikia haya ana kwa ana. Na mwanzilishi wake, André Azoulay, ni mshauri wa mfalme, kwa hiyo sura ya nchi nayo inapigwa pasi humohumo; lakini ni Myahudi wa mji huohuo, ana haki nao.  

Ila kauli kwamba "muziki umewaunganisha" Wayahudi na Waislamu siimezi. Walioishi mlango kwa mlango, nani aliwatenganisha? Mwaka 1948 Morocco ilikuwa na Wayahudi kama 250,000. Leo wamebaki elfu chache. Vita vya Palestina, hofu, mawakala wa kuhamishia watu Israel, umaskini: hayo hayatajwi jukwaani, yataharibu picha. Elmaghribi mwenyewe alifia Montreal mwaka 2008. Watu wanapanda ndege kuja kuimba kwenye mji wa babu zao, nasi tunawapigia makofi kama wageni waalikwa.