Piramidi ina pembe ngapi? Tuseme kwanza pembe ipi

Swali "piramidi ina pembe ngapi?" huulizwa kana kwamba lina jibu moja, ilhali kwa piramidi yenye kitako cha mraba majibu 5, 8 na 16 yote yanaweza kutetewa, kila moja kwa maana yake. Nadhani lugha yetu inachangia mkanganyiko huu, kwa kuwa neno "pembe" tumelibebesha kona ya chumba, uwazi kati ya mistari miwili na hata silaha ya ng'ombe. Mwalimu asipotenganisha kipeo, yaani ncha ambapo kingo hukutana, na pembe, mwanafunzi atahesabu ncha 5 na kuweka kalamu chini, na sioni kosa lake.

Tuchukue Piramidi Kuu ya Giza, iliyojengwa kwa ajili ya Farao Khufu, ambayo ilipokamilika ilikuwa na kimo cha takriban mita 146 na kitako cha mraba chenye upande wa takriban mita 230. Kitako kina pembe mraba 4, na kila uso kati ya zile 4 za pembetatu una pembe 3, hivyo jumla ni 16. Kwa vipimo hivyo, kila pembetatu ina pembe mbili za chini zenye nyuzi 58.3 hivi na ya kileleni yenye nyuzi 63.4, kwa hiyo zote 12 ni pembe kali, yaani chini ya nyuzi 90, na butu, yaani inayozidi nyuzi 90, haipo hata moja.

Wengi huishia hapo, nami naona ndipo utamu unapoanza. Nyuso mbili zinapokutana kwenye ukingo nazo hufanya pembe ndani ya umbo, na kwa kuwa kingo ni 8, pembe za namna hiyo ni 8 pia: zile 4 za kuzunguka kitako zina takriban nyuzi 52, lakini zile 4 za kwenye kingo zinazopanda hadi kileleni zina takriban nyuzi 112, yaani ni butu. Hata ukiirefusha piramidi hiyo mpaka ifanane na sindano, pembe hizo zitazisogelea nyuzi 90 bila kuzifikia.

Niliwahi kusahihisha jibu la mwanafunzi aliyeandika kwamba kitako cha mraba kina pembe kali 2 na butu 2. Alikuwa ameweka kipimapembe juu ya mchoro, ambao huulaza mraba upande ili umbo lionekane na kina, akaandika kwa uaminifu alichokisoma. Mwongozo ulitaka apewe sifuri. Nilimpa, na bado inanikera, kwani tuliokosea ni sisi tuliomfundisha piramidi kwa karatasi bapa.

Waandishi wa Misri ya kale hawakupima mteremko kwa nyuzi. Katika Mafunjo ya Rhind, hati ya hisabati iliyonakiliwa na mwandishi Ahmose takriban mwaka 1550 KK, hutumika seked, yaani idadi ya viganja ambavyo uso hurudi ndani kwa kila dhiraa moja, yenye viganja 7, ya kupanda. Mteremko wa Giza unalingana na viganja 5 na nusu. Kwa rula, mkasi na katoni kuukuu, darasa linaweza kuunda Giza ndogo isiyo na kitako kwa kipimo hicho, kisha kila mmoja akaingiza kona ya daftari kwa ndani, pale nyuso mbili zinapokutana, aone inavyopwaya.