Molekuli hufika njia panda ikiwa mbioni

Hapa Jinja, mwanafunzi wa kidato cha tano aliniuliza swali ambalo halijanitoka. Nilikuwa nimechora ubaoni ile milima tunayoichora sote: kemikali za mwanzo bondeni kushoto, mazao bondeni kulia, katikati vilele viwili vya nishati, kila kimoja njia ya kwenda kwenye zao lake, kimoja kifupi kuliko kingine. Nikasema molekuli nyingi hupitia penye mlima mfupi. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, ikifika pale inakuwa imesimama, au inafika ikikimbia?"

Mwalimu mwenzangu alipolisikia swali hilo alinishauri nisiwachanganye watoto. Hoja yake ina uzito. Nadharia ya hali ya mpito, waliyoitoa Eyring kwa upande mmoja na Evans na Polanyi kwa upande mwingine mwaka 1935, hutoa majibu mazuri kwa mimenyuko mingi ya kemia ogani. Inahitaji kimo cha kizingiti cha nishati na jotoridi, basi. Dhana yake ni kwamba molekuli, kwa kugongana na jirani zake, hupata muda wa kulingana nao kwa joto kabla ya kuvuka. Ndani ya kimiminika migongano haikomi, kwa hiyo dhana hiyo si ya kubahatisha. Mtoto asiyeielewa milima hataelewa kitu kingine.

Ila yule mtoto aliuliza swali ambalo wanakemia wazima wamebishania.

Chukua propeni, yenye kaboni tatu na bondi maradufu kati ya mbili kati yake, na borani, BH3, yaani boroni na hidrojeni tatu. Boroni inaweza kuishika kaboni ya mwisho ya bondi hiyo au ile ya kati. Ya mwisho ndiyo yenye mlima mfupi, na utafiti wa mimenyuko ya aina hii ulimpatia Herbert Brown Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Ukipiga hesabu kwa vimo vya milima peke yake, kaboni ya kati inapata molekuli 1 au 2 katika kila 100. Oyola na Singleton, wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, walipima na mwaka 2009 wakaripoti kwamba inapata takriban 10.

Namba hii nimeirudia mara nyingi. Kutoka 1 au 2 hadi 10 si kosa dogo la kipimo. Kwa joto la kawaida, mgao wa kwanza unataka tofauti ya kama kilojuli 10 kwa moli kati ya vilele. Wa pili unataka kama 5 tu. Ni kana kwamba nusu ya tofauti imeyeyuka, na hakuna aliyeigusa milima. Matokeo yake ni kitu cha kushika mkononi: ukioksidisha mazao hayo, njia ya kaboni ya mwisho inakupa propan-1-oli, na ya kati inakupa propan-2-oli, mojawapo ya alkoholi za kutengenezea sanitaiza. Sehemu moja ya kumi ya chupa yako ni kitu ambacho hukukikusudia.

Nusu hiyo imeliwa na mwendo. Borani inapoikumbatia propeni, nishati nyingi hutoka na kubaki humo humo kama mtikisiko wa atomu. Bondi ya kaboni na hidrojeni hujivuta na kurudi mara moja katika kama femtosekunde 11, na femtosekunde ni sehemu moja ya bilioni milioni ya sekunde. (Aliyetufungulia dirisha la muda huo ni Ahmed Zewail, Nobel ya 1999, mzaliwa wa Damanhur, Misri, kwenye delta ya Nile, mto huu huu unaoanzia kwetu.) Baadhi ya molekuli huchagua upande kabla kimiminika hakijazipoza.

Darasani nilieleza hivi. Msafiri mwenye shilingi chache atatembea hadi stendi nyingine kutafuta taksi yenye nauli ndogo. Aliyelipwa mshahara asubuhi hii hupanda iliyo mbele yake, maana tofauti ya nauli haimuumi. Mpe wiki mbili, utamkuta anahesabu sarafu kama mwenzake. Molekuli iliyofika na joto la ziada ni huyo wa mshahara.

Wapo waliompinga Singleton, na hawastahili kupuuzwa. Mwaka 2010 Glowacki na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba si lazima kufuata safari ya kila atomu, kama alivyofanya Singleton katika hesabu zake: hesabu za kitakwimu zinatosha, mradi uhesabu pia kwamba molekuli inamenyuka huku ikiendelea kupoa. Naona hapo wameokoa takwimu, lakini hawakuiokoa picha ya ubaoni kwangu. Pande zote mbili zinakubali kwamba molekuli hazikufika zikiwa zimepoa, na mchoro wetu hauna mahali pa kuliandika hilo.

Kwa hiyo milima naendelea kuichora. Katika jaribio la mwezi huo niliongeza swali moja chini yake: molekuli ikiingia na joto la ziada, sehemu ya zao dogo itaongezeka au itapungua? Aliyeniuliza lile swali aliandika "itaongezeka", kisha akachora msafiri mwenye mfuko uliojaa.